Ridhaa, Ufadhili na Bonasi: Msamiati wa Malipo ya Mwanariadha wa Chuo kwa Mtazamo wa Nyanda za Chai za Kericho na Bomet

Utangulizi

Katika Kiswahili, mchezaji asiyelipwa huitwa mchezaji wa ridhaa. Neno hili limezoeleka kwa miongo mingi katika kurasa za michezo, hususan katika ndondi, ambako ngumi za ridhaa hutofautishwa na ngumi za kulipwa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Ni kibali atoacho mtu pasi na kushurutishwa. Lugha, basi, huwa imekwisha kutoa hukumu kabla ya mchezaji mwenyewe kuulizwa: asiyelipwa ameridhia kutolipwa.

Makala haya yanachunguza maneno ambayo wazungumzaji wa Kiswahili huyatumia wanapotaja fedha zinazomfikia, au zisizomfikia, mwanariadha anayesoma chuoni. Eneo lililoteuliwa ni nyanda za chai za Kericho na Bomet. Vijana wa huko, kama wenzao wa sehemu nyingine za Bonde la Ufa, wamekuwa wakielekea vyuo vya Marekani kwa nguvu za miguu yao. Tena wazazi wao wamelipwa kwa njia mbalimbali kwa zao moja tangu miaka ya 1920, na kwa hiyo wana msamiati wa malipo ulio mpana kuliko ule wa kurasa za michezo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maneno ya shambani yanaeleza kwa usahihi zaidi kilichotokea katika michezo ya vyuo vya Marekani, hasa tangu mwaka 2021, kuliko neno ufadhili ambalo limetawala habari hizo. Hili si suala la kamusi pekee. Mzazi anayeitisha harambee ili mwanawe apande ndege huamua kiasi cha kuomba kulingana na neno aliloambiwa.

Fadhila na mateke

Tuanze na ufadhili. Neno hili limetokana na fadhila, yaani wema autendao mtu bila kuwajibika kuutenda. Likitumiwa, mara moja hujitokeza watu wawili: mfadhili, ambaye ni mtenda, na mfadhiliwa, ambaye kisarufi na kimaisha ni mtendwa. Mfadhiliwa hana kauli juu ya kipimo cha fadhila. Akidai zaidi, methali inamsubiri: fadhila ya punda ni mateke. Linganisha na ujira. Ujira, ajira, mwajiri na mwajiriwa ni maneno ya shina moja, na yote huchukulia kuwa kuna kazi iliyotendwa na haki iliyozaliwa na kazi hiyo. Mtu hudai ujira wake, naye hushukuru kwa fadhila. Ni nadra kusikia kinyume chake.

Kenya lipo pia neno basari, ambalo kila mzazi analijua kutokana na fedha za kaunti na za maeneobunge. Basari haina sumu ya ufadhili, lakini ina kasoro yake: humhusu mwanafunzi mhitaji, si mwanafunzi anayefanya kazi. Mkimbiaji anayeamka alfajiri kukimbia kwa niaba ya chuo, akasafiri kila wiki kushindana akiwa na jina la chuo kifuani, hapokei basari kwa maana hiyo. Ameitwa kwa sababu ya kasi yake. Kasi ikipungua, huenda asiitwe tena mwaka unaofuata.

Waingereza na Wamarekani nao hawakuwa wazembe katika kuchagua maneno. Mwaka 1955 mchezaji wa chuo kimoja cha Colorado alifariki kutokana na jeraha alilolipata katika kandanda ya Kimarekani. Mjane wake alidai fidia itolewayo kwa jamaa za wafanyakazi wanaofia kazini, na mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikakataa, kwa hoja kwamba chuo hakikuwa katika biashara ya mpira. Ni katika miaka hiyo ya 1950 ambapo chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kikiongozwa na Walter Byers, kilishika istilahi ambayo kwa Kiswahili ni mwanafunzi-mwanamichezo, kikaagiza itumiwe badala ya neno mchezaji. Byers mwenyewe, baada ya kustaafu, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba istilahi hiyo ilibuniwa kwa sababu ya hofu ya madai ya fidia.

Mwanaisimu atavutiwa na mpangilio wa istilahi hiyo inapoingia katika Kiswahili. Kichwa cha kirai nomino chetu hutangulia, na kinachofuata hukifafanua. Tukisema mwanafunzi mwanariadha, tunazungumzia mwanafunzi ambaye pia hukimbia. Tukisema mwanariadha mwanafunzi, ni mkimbiaji ambaye pia anasoma. Mfasiri hana njia ya katikati. Hulazimika kuamua nani ni nani, na uamuzi wake una thamani ya fedha.

Askari, chuo na mwanariadha

Kericho ina mfano wa mapema wa utata huu. Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa huko, aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, mjini Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye, mjini Mexico City, alitwaa fedha katika mbio hizo hizo. Kanuni za Olimpiki za wakati huo zilimtaka kila mshindani awe wa ridhaa. Kiprugut alikuwa mwanajeshi, na mshahara wake ulikuwa wa uanajeshi. Mpaka leo jeshi, polisi na magereza ni waajiri wakubwa wa wanariadha nchini Kenya. Mpango huo una unafiki kidogo ndani yake, lakini una jambo moja zuri: hakuna anayeuita fadhila. Mkimbiaji wa magereza ana cheo, ana mshahara, na akistaafu ana kiinua mgongo.

Chuo cha Marekani kilikuwa na mpango mwingine. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, chini ya kocha John Chaplin, kilikusanya wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 akiwa mwanafunzi huko, kwa muda wa dakika 27 na sekunde 30.5. Mwaka uliofuata Henry Rono, naye mwanafunzi wa chuo hicho hicho, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Walichoruhusiwa kupokea kutoka chuoni ni karo, malazi, chakula na vitabu. Rekodi zilibaki kuwa za chuo na za taifa.

Hapa ndipo neno posho linapofaa kurudishwa kazini. Nchini Tanzania posho sasa ni fedha ya kujikimu au marupurupu ya kikao. Uganda ni ugali wenyewe. Na katika mashamba makubwa ya kikoloni ilikuwa unga aliopimiwa kibarua kama sehemu ya malipo yake. Maana hizi tatu hazikutengana sana. Zote zinataja kitu kinachomwezesha mtu kuendelea kufanya kazi, wala si thamani ya kazi yenyewe. Karo, kitanda na sahani ya chakula ni posho. Hata nyongeza ambayo vyuo vikubwa viliidhinishiwa kuitoa kuanzia mwaka 2015, ili kugharimia nauli na mahitaji madogo madogo, ilikuwa posho kwa jina na kwa tabia.

Mizani na mnada

Nyanda za chai zina watu wa aina mbili ambao mgeni huwachanganya. Yupo mchumaji wa shamba kubwa la kampuni, anayekaa katika nyumba ya kampuni, anayetibiwa katika zahanati ya kampuni, na kulipwa kwa kilo alizochuma. Yupo pia mkulima mdogo mwenye michai yake mwenyewe, anayepeleka majani mabichi kituoni ili yapelekwe kiwandani: Litein, Momul, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros, Tirgaga na kwingineko chini ya KTDA. Wote wawili husimama mbele ya mizani, na wote wawili husema kilo. Lakini kwa mchumaji, hesabu huishia hapo kwenye mizani. Kwa mkulima, malipo ya kila mwezi ni ya mwanzo tu. Majani yake yatasindikwa, chai itauzwa, nyingi yake katika mnada wa Mombasa, na baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi Juni atangojea bonasi, ambayo kwa kawaida hufika Septemba au Oktoba.

Bonasi, licha ya asili yake ya Kiingereza, imebadilika maana katika midomo ya wakulima. Katika ofisi ya mjini bonasi ni nyongeza ya hisani. Kwa mkulima wa Bomet bonasi ni sehemu ya bei ya chai iliyocheleweshwa. Ni yake. Ndiyo maana wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa walipoona mwaka 2025 kwamba viwango vyao viko chini mno ya vile vya mashariki, hawakusema wamenyimwa zawadi. Waliuliza chai yao iliuzwa bei gani, na nani alikata nini njiani. Swali hilo mchumaji wa shamba la kampuni hana njia rahisi ya kuliuliza, na mfadhiliwa hana njia kabisa.

Kwa kipimo hiki, mwanariadha wa chuo cha Marekani kabla ya mwaka 2021 alikuwa na hali ya ajabu. Alipewa nyumba na posho kama mchumaji, lakini hakuwa na kilo. Majani yake yaliuzwa mnadani kama ya mkulima, lakini hakuwa na bonasi. Na mnada huo haukuwa mdogo: haki za kutangaza mashindano ya mpira wa kikapu ya NCAA ya wanaume kwa miaka minane hadi 2032 ziliuzwa kwa dola bilioni 8.8.

Mabadiliko yaliletwa na mahakama. Mwezi Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote tisa, iliamua kwamba NCAA haiwezi kuwekea mipaka manufaa yanayohusiana na masomo. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, wanamichezo wakaruhusiwa kulipwa na watu wa nje kwa matumizi ya majina yao, sura zao na umaarufu wao. Kisha tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano yaliyoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo moja kwa moja kuanzia Julai mwaka huo, kwa kikomo cha takribani dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Kikomo hicho kilikokotolewa kuwa asilimia 22 ya wastani wa mapato fulani ya michezo katika vyuo vya ligi kubwa. Aidha, takribani dola bilioni 2.8 zitalipwa kwa muda wa miaka kumi kwa waliocheza tangu mwaka 2016 bila kupata haki hiyo.

Magazeti ya Kiingereza yalitatizika kueleza haya. Mkulima wa Kapkoros hangetatizika. Asilimia ya mauzo inayorudi kwa aliyeleta majani ni bonasi. Fedha za miaka iliyopita ni malimbikizo. Na Mkenya yeyote aliyefuatilia mivutano ya kaunti na serikali kuu tangu katiba ya 2010 analo tayari jina la mpango mzima: mgao wa mapato.

Harambee za pande mbili

Swali linalosalia ni fedha hizo vyuo huzitoa wapi. Jibu hili lina mzaha ndani yake. Vyuo vyenye runinga kubwa nyuma yao hukata katika mapato ya matangazo. Lakini tangu mwaka 2021 mashabiki matajiri na wa kawaida walianzisha vyama vya kuchanga fedha za kuwalipa wachezaji wasihame. Watu hukusanyika, hutoa ahadi, hutangaziwa nani ametoa ngapi, na mwenye kutoa zaidi huketishwa mbele. Wakenya wanaiita harambee. Nacho Chuo Kikuu cha Tennessee kilitangaza mwezi Septemba 2024 kwamba bei ya tiketi za msimu za kandanda kwa mwaka 2025 ingeongezwa asilimia 10 kwa ajili ya kuwalipa wachezaji. Hiyo si harambee tena bali ni tozo, na mzazi yeyote aliyewahi kudaiwa "mchango wa lazima" shuleni anajua mpaka kati ya maneno hayo mawili ulipo.

Harambee ya Kericho huja mwanzoni mwa safari. Kijana ameandikiwa barua na chuo. Kadi zinachapishwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa, mgeni wa heshima anaalikwa, jogoo anapigwa mnada mara tatu kisha anarudi kwa mwenyewe. Gharama ya kwanza ni ya makaratasi: ombi la viza ya mwanafunzi ni dola 185 na ada ya usajili katika mfumo wa wanafunzi wa kigeni ni dola 350. Kwa kubadilisha dola kwa shilingi 129, hizo ni takribani shilingi 69,000 kabla ya tiketi ya ndege kutajwa. Kalenda nayo haisaidii. Muhula wa Marekani huanza Agosti, ilhali bonasi huja baada yake, kwa hiyo anayetegemea chai hukopa kwanza.

Katika harambee hizi neno ufadhili hudhuru zaidi kuliko kwingineko. Mchungaji husimama na kutangaza kwamba kijana amepata ufadhili, na umati huelewa kwamba kila kitu kimelipwa isipokuwa nauli. Ukweli mara nyingi ulikuwa tofauti. Hadi mwaka 2025 kanuni za daraja la juu la NCAA ziliruhusu ufadhili 12.6 tu kwa timu nzima ya wanaume ya riadha na mbio za nyika, na 18 kwa ile ya wanawake. Makocha waliukatakata. Kijana mmoja alipata wote, mwingine nusu, mwingine karo peke yake. Aliyepata nusu alihitaji mamilioni ya shilingi kujaza pengo hilo kwa miaka minne, na hakuna jogoo anayeuzwa bei hiyo. Zaidi ya hayo, mara nyingi barua ni ya mwaka mmoja mmoja. Kijana huondoka akiwa na madeni mawili, fadhila ya chuo na mchango wa kijiji. La pili ndilo zito, maana wadai wake anawajua kwa majina.

Mkimbiaji katika mgao

Je, mapatano ya 2025 yalimfaa kijana huyu? Kwa upande mmoja kikomo cha ufadhili kiliondolewa. Chuo kinachojiunga na mpango huo kinaweza kumlipia kila mwanariadha aliye kikosini. Kwa upande wa pili kikosi chenyewe kiliwekewa idadi: watu 17 katika mbio za nyika, 45 katika riadha. Na bonasi hufuata mauzo. Mpango uliotajwa sana ni wa kuipa kandanda ya Kimarekani karibu robo tatu ya fedha, mpira wa kikapu wa wanaume sehemu inayofuata, na michezo mingine yote kugawana makombo. Mbio za nyika haziuzi tiketi. Mkimbiaji wa Sotik yumo katika kiwanda chenye chai nzuri isiyo na mnunuzi.

Mwezi huo huo wa Juni 2025 Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, kile cha Kimobwa na Rono, kilitangaza kwamba kitaondoa mashindano ya kuruka na kurusha, kupunguza mbio fupi, na kuelekeza nguvu katika mbio ndefu. Kwa wakimbiaji wa nyanda za juu hiyo inaweza kusomwa kama habari njema, mradi mtu asiulize iwapo bajeti iliyokata nusu moja ya timu itaitunza ile nusu nyingine.

Lipo pia tatizo la viza. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kazi ya nje ya chuo inahitaji kibali maalumu. Kwa hiyo wanasheria wengi wamewashauri wanamichezo wa kigeni wasipokee fedha za matangazo kwa kazi waliyoifanya wakiwa katika ardhi ya Marekani. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya mitaani, alikuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo katika msimu wa 2021-22 akichezea Kentucky. Wenzake wenye uraia walitengeneza matangazo kando ya uwanja wao. Yeye alifanya mengi ya kwake Agosti 2022, timu ilipokuwa ziarani Bahamas, nje ya mipaka. Swali la iwapo mgao wa chuo chenyewe ni ujira au ni malipo ya haki ya jina na sura lina uzito mkubwa hapa. Ukiitwa ujira, mwenye viza ya mwanafunzi ana hatari. Ukiitwa malipo ya haki, huenda akapumua.

Kwa mwanafunzi wa tafsiri, mambo haya yanatoa zoezi zuri. Barua ya chuo ikifika Litein au Longisa, mtu wa kuisoma kwa sauti mbele ya wazazi mara nyingi ni mwalimu wa Kiswahili. Kinachofaa aandike ubaoni au kwenye kadi ya harambee si neno ufadhili peke yake. Afafanue: karo yote au sehemu ya karo, kwa asilimia, posho ya chakula na malazi, ipo au haipo, mgao wa mapato, upo au haupo, na kama upo, iwapo viza inauruhusu, muda, mwaka mmoja au minne, na pengo lililobaki, kwa shilingi. Kadi nyingi hutaja jina la kijana, tarehe, mahali na mgeni wa heshima. Tarakimu ya pengo ndiyo isiyoandikwa.